FAHAMU: Jinsi Slabu ya Chuma Inavyogeuzwa Kuwa Bamba

Mafundi wa jua kali wanaotengeneza matangi ya maji, trela na vivuko vya mitaro hutegemea mabamba ya chuma. Mabamba hayo, yakiwemo yanayoagizwa kutoka nchi za nje, huuzwa kwa unene: milimita 6, 10, 12 na kuendelea. Bamba likiwa jembamba kuliko lilivyotajwa, mnunuzi hupoteza pesa, na watakaovuka au kusimama juu yake huwa hatarini. Anayejua jinsi bamba linavyotengenezwa hujua pia jinsi ya kulikagua.

Kutoka tanurini

Kazi huanza na slabu. Hii si ile ya zege inayomwagwa kwenye majengo, bali ni kipande kizito cha chuma chenye umbo la tofali kubwa, ambacho aghalabu huwa na unene wa milimita 200 hadi 300. Slabu huingizwa kwenye tanuri na kupashwa moto hadi takriban nyuzijoto 1,200 za Selsiasi. Katika joto hilo chuma hakiyeyuki, ila hulainika na kuwaka rangi ya machungwa.

Slabu ikiwa kwenye tanuri, hewa huifanya itoe magamba juu yake. Inapotoka, hupigwa kwa maji yenye shinikizo kubwa ili magamba hayo yabanduke. Yakiachwa, yatakandamizwa ndani ya chuma na kuacha makovu kwenye bamba.

Kati ya rola mbili

Anayesukuma chapati anaielewa hatua inayofuata. Slabu hupitishwa kati ya rola mbili nzito zinazozunguka, moja juu na nyingine chini. Nafasi kati ya rola huwa ndogo kuliko unene wa slabu, hivyo chuma hubanwa na kurefuka. Kisha rola huzunguka kinyume, nafasi hupunguzwa tena, na slabu hurudishwa ilikotoka. Huenda na kurudi mara nyingi, kila mara ikipungua unene.

Kama vile donge la chapati linavyogeuzwa ili litanuke pande zote, slabu nayo hugeuzwa robo mzunguko ili ipate upana unaotakiwa, kisha hurudishwa ilivyokuwa ili iongezwe urefu.

Chuma chenyewe hakipotei, hubadilisha umbo tu. Chukua slabu yenye unene wa milimita 200, upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 3. Uzito wake ni takriban tani 7. Ikibanwa hadi milimita 20 na kutanuliwa hadi upana wa mita 2.5, urefu wake utafika mita 18, kabla ya kingo kukatwa.

Nguvu ya kubana slabu ni kubwa kiasi cha kuzipinda rola zenyewe. Ndiyo maana kila rola huegemezwa na nyingine nene zaidi nyuma yake. Hata hivyo, bamba huweza kuwa nene kidogo katikati kuliko ukingoni.

Kwa nini kikiwa moto?

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Chuma baridi kingehitaji nguvu kubwa zaidi, na kingezidi kuwa kigumu kila kinapobanwa. Chuma moto hujirekebisha: chembe zake zilizobanwa huvunjika na nafasi yake kuchukuliwa na chembe mpya, ndogo zaidi. Chembe ndogo hukipa chuma nguvu na kukifanya kisivunjike kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, viwanda hufuatilia joto la mibano ya mwisho kwa makini. Likizidi, chembe hukua na bamba hupungua ubora.

Baada ya hapo bamba hunyooshwa, hupozwa, hukatwa na kuandikwa nambari inayoonyesha lilitokana na myeyusho gani wa chuma. Nondo za ujenzi nazo hubanwa zikiwa moto, ila rola zake huchongwa mifereji.

Kukagua kabla ya kulipa

Kwanza, mnunuzi apime unene kwa kalipa katika sehemu kadhaa, si sehemu moja pekee. Kama kingo zimekatwa kwa moto, aondoe mabaki ya kukatia kwanza.

Pili, atumie mizani. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha kwa unene kwa milimita, kisha kwa 7.85. Jibu ni uzito kwa kilo. Bamba la mita 1.22 kwa 2.44 lenye unene wa milimita 10 linapaswa kuwa na uzito wa takriban kilo 234. Likiwa na kilo 210, unene wake ni kama milimita 9.

Tatu, aombe cheti cha kiwanda na alinganishe nambari iliyomo na ile iliyo kwenye bamba.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Hesabu hii ya mizani inafaa kuwa mazoezi ya kwanza ya kila mwanafunzi wa uchomeleaji, kwa kuwa kiungo kilichochomelewa vyema hakiwezi kuokoa bamba lililopunjwa unene.