Mbona samaki wa kusi ni wadogo?

SWALI: Mimi ni mchuuzi wa samaki, Msambweni. Wakati wa kaskazi napata changu na tasi wa kujaa sahani, lakini kusi ikianza wengi ni vidagaa vya kukaanga. Wakubwa huenda wapi?

JIBU: Sababu ni mbili, ndugu yangu, na zote hukutana sokoni.

Ya kwanza ni uzazi. Tasi hutaga zaidi kipindi cha kaskazi, kati ya Novemba na Machi, maji yakiwa na joto. Wachanga hujificha kwenye nyasi za bahari ndani ya mwamba, hivyo kusi inapoingia mwezi wa Aprili, maji ya ndani yamejaa kizazi kipya.

Ya pili ni upepo. Kusi huchafua bahari, na ngalawa na mitumbwi haiwezi kuvuka mwamba. Wavuvi hubaki kwenye maji ya ndani, waliko hao wachanga. Wakubwa wengi wako nje, wasikofikiwa.

Kwa hiyo samaki wadogo peke yao si dalili kwamba bahari imekwisha. Linganisha kusi ya mwaka huu na kusi iliyopita. Wakipungua ukubwa mwaka hadi mwaka, hata wakati wa kaskazi, hapo kuna hatari.

Wewe mchuuzi una nguvu ya kuwalinda wachanga: kataa samaki wa juya la kukokota, na uwape bei nzuri wavuvi wa madema yenye mianya ya kupitisha wachanga. Madema hayo yamejaribiwa pwani ya Kenya, nayo hupunguza kweli uvuvi wa wachanga.