Somo la Vikundi Robo Hii: Midoli, Kreti za Soda na Amri ya Saba

Masomo: Kutoka 20:15; Mithali 11:26; Amosi 8:4-6



Mwezi wa Novemba mwaka jana kamati ya mikopo ya kikundi kimoja cha VICOBA katika dayosisi yetu ilipokea ombi lililowagawa. Mwombaji ni mwanachama mzuri, hajawahi kuchelewesha rejesho. Aliomba fedha za kununua kreti 40 za soda, yaani karibu zote anazoletewa wakala wa pale kabla ya Krismasi. Chupa inayouzwa kijijini kwa shilingi 700 angeiuza 1,200 kuanzia tarehe 23 Desemba. Kreti 40 ni chupa 960, kwa hiyo ongezeko hilo la shilingi 500 kwa chupa lingempa shilingi 480,000 juu ya faida ya kawaida. Karatasi yake ilikuwa safi. Nusu ya kamati wakasema apewe, huyu anajua biashara. Nusu wakasema huu ni ulanguzi. Swali likaletwa ofisini kwetu.

Nilitaka kuwajibu siku ile ile, nikashindwa. Soda si unga wala dawa. Hakuna aliyekufa kwa kukosa soda. Lakini mzazi yeyote wa kijijini anajua Krismasi ya mtoto asiye na soda inavyokuwa, anapowatazama wenzake wakinywa yao taratibu ili isiishe. Ndipo nilipokumbuka habari ambazo wageni wetu kutoka sinodi rafiki ya Marekani waliwahi kutusimulia, habari za midoli. Wenzetu wa kule wana jambo hili hili kwa zaidi ya miaka arobaini, na magazeti yao yameliandika sana. Tujifunze kwao kwanza, kisha turudi kwenye soda.

Krismasi ya 1983 kampuni ya Coleco ilikuwa inauza midoli iliyoitwa Cabbage Patch Kids, yaani watoto wa bustani ya kabichi. Kila mdoli ulitofautiana kidogo na mwingine, ulikuwa na jina lake na hati yake, na mtoto aliambiwa kwamba hanunui mdoli bali anamchukua mtoto wa kumlea. (Fikirini mtu akilangua "mtoto" wa namna hiyo!) Hadi mwisho wa mwaka ilikuwa imeuzwa karibu milioni 3, na bado haikutosha. Katika mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, umati uliosubiri kwa saa nyingi ulivamia duka, mama mmoja akavunjika mguu, na meneja akashika gongo la mchezo wa besiboli kujikinga na wateja wake mwenyewe. Mpeleka barua mmoja wa Kansas City alipanda ndege hadi London kumtafutia binti yake mdoli. Na waliowahi kuipata kwa bei ya dukani, dola kama 25, waliitangaza magazetini kwa bei iliyozidi hiyo mara kadhaa.

Wazee wetu watakumbuka mwaka huo huo wa 1983 kwa jambo jingine. Mwezi Machi Waziri Mkuu Edward Sokoine alianza msako dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na khanga zilikuwa bidhaa adimu, na wapo waliotupa mali porini usiku wakiogopa kukamatwa nayo. Sisemi kwamba sukari na mdoli ni kitu kimoja. Lakini katika nchi zote mbili mlanguzi hakuwa ndiye aliyeleta uhaba. Kwetu nchi ilikosa fedha za kigeni. Kwao midoli ilitengenezwa Asia, maduka yaliagiza miezi mingi kabla, na watoto walipoanza kuililia mwezi Novemba hapakuwa na kiwanda kilichoweza kuongeza ya kutosha kabla ya tarehe 25 Desemba.

Tarehe hiyo ndiyo mtaji wa mlanguzi wa midoli. Mwezi Februari mdoli ule ule utakuwepo dukani kwa bei yake. Anachomuuzia mzazi ni kuupata kabla ya Krismasi, na Krismasi yeye hakuitengeneza.

Mwaka 1996 yalijirudia. Safari hii mdoli uliitwa Tickle Me Elmo, ukiukanda tumboni unacheka. Dukani ulikuwa dola kama 29. Magazetini walitokea watu walioutaka kwa mamia ya dola, na zilitajwa bei za hadi dola 1,500. Katika mji wa Fredericton, Kanada, mfanyakazi wa duka alikanyagwa na umati hadi akaumia. Tangu hapo biashara hii imehamia kwenye intaneti. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazonunua bidhaa zote kwa sekunde chache kabla mzazi hajamaliza kuandika jina lake. Bunge la Marekani lilipitisha sheria dhidi ya programu hizo mwaka 2016, lakini inahusu tiketi za maonyesho na michezo tu. Miswada ya kuifikisha kwenye midoli na bidhaa nyingine ililetwa mwaka 2018 na tena 2021, haikupita.

Sasa, sisi Walutheri tuna msaada wa karibu ambao mara nyingi tunausahau. Mwaka 1524 Martin Luther aliandika kitabu kizima juu ya biashara na riba. Humo anaikataa kanuni ya wafanyabiashara kwamba mtu ana haki ya kuuza ghali kadiri awezavyo. Anawakemea wanaopandisha bei kwa sababu tu wanajua bidhaa imekwisha kwa wengine, na wanaonunua bidhaa yote ya mji ili waipangie bei wao. Lakini hasemi mfanyabiashara asipate faida. Anasema ahesabu gharama zake, kazi yake na hatari aliyoibeba, na kazi yake aipime kwa ujira wa kibarua wa siku.

Tujaribu hesabu hiyo kwa mdoli wa 1996. Kima cha chini cha mshahara Marekani tangu Oktoba mwaka huo kilikuwa dola 4.75 kwa saa. Mtu aliyelala kwenye foleni saa 8 anastahili dola 38. Ongeza dola 29 za mdoli, ni 67. Ongeza nauli na tangazo la gazeti. Ongeza hatari, maana asipouza hadi tarehe 26 amebaki nao. Tumwonee huruma tumfikishie dola 100. Sasa ameuza kwa 500. Zile 400 ni malipo ya nini? Wanavikundi niliowauliza swali hili walikaa kimya kidogo, kisha mama mmoja akasema, "Ni malipo ya kilio cha mtoto." Sijapata jibu zuri kuliko hilo.

Wapo watakaosema mnunuzi aliridhia mwenyewe. Ni kweli, kama anavyoridhia anayeuza shamba ili amlipie mgonjwa. Wengine watasema lawama ni ya duka lisilopandisha bei. Hapa kuna ukweli fulani. Duka lingeuza mdoli dola 200 mlanguzi angekosa kazi, ila mtoto wa mfagiaji angebaki vile vile bila mdoli. Na foleni nayo haina haki kamili, maana mfagiaji wa zamu ya usiku hawezi kulala mlangoni pa duka. Lakini tutazame kwa nini maduka mengi hayakupandisha bei. Mwenye duka anataka mteja arudi mwezi Machi kununua viatu. Mlanguzi hatarajii kumwona mnunuzi wake tena.

Mwenzetu wa soda atawaona wanunuzi wake kila Jumapili.

Swali lililonisumbua zaidi lilitoka kwa wanaohifadhi mahindi, na wako wengi katika vikundi vyetu. Wananunua Julai, wanatia dawa ya dumuzi, wanauza Februari bei ikipanda. Je, nao ni walanguzi? Mithali 11:26 inataja laana kwa anayezuia nafaka watu wanapoihitaji, na baraka kwa anayeiuza. Laana haiko kwenye kuhifadhi. Yusufu alihifadhi miaka saba (Mwanzo 41), na njaa ilipokuja akafungua ghala. Nimewapa wanavikundi kipimo hiki: kama mtu huyu asingekuwepo, kijijini pangekuwa na nini siku ile? Asingekuwepo mwenye mahindi, Februari yangekuwa yameshapanda lori yakaenda mbali, au yameliwa na wadudu. Asingekuwepo mlanguzi wa midoli, mdoli ungekuwa palepale kwenye rafu kwa dola 29. Asingekuwepo mwombaji wetu, kreti 40 zingekuwa kwa wakala, kwa shilingi 700.

Kipimo hiki hakimalizi kila jambo. Mwenye mahindi naye anaweza kufunga ghala mwezi Februari akisubiri Machi, na hapo Amosi 8 inamhusu, kwa kuwa mlengwa wake ni mfanyabiashara anayeona hata siku takatifu inamchelewesha kuwauzia maskini.

Kamati ilikaa tena. Hawakumpa mkopo wa kreti 40 za wakala. Walimpa wa kreti 15 za kutoka mjini, zije juu ya zile za wakala, na gharama ya usafiri ikahesabiwa mbele yake, chupa ikafika shilingi 800. Hakufurahi. Alisema faida hiyo haitoshi hata kumnunulia mkewe kitenge. Alichukua mkopo, akarejesha kwa wakati.

Maswali ya kujadili kikundini:

Kama mwombaji angekuwa mjane anayetafuta ada ya Januari, je, kamati ingeamua vile vile? Elezeni kwa nini.

Katika kijiji chenu ni bidhaa gani hupanda bei kati ya tarehe 15 na 25 Desemba? Kwa kila moja, tajeni nani anaongeza kitu na nani anasimama tu njiani. Msiogope kutaja biashara za wanakikundi wenyewe, ila msitaje majina nje ya kikao.

Kikundi kikitumia fedha zake kununua vitu vya sikukuu mapema kwa ajili ya wanachama wote, mwanachama anayeishi kwa biashara hiyo hiyo tumfanyie nini?