SOMO KWA KAMATI: VIONGEZA VYA CHAKULA CHA NGURUWE



Vyama vya msingi vinavyofuga nguruwe hushawishiwa kununua viongeza vya chakula, hasa bakteria hai waitwao probiotiki. Yafaa Kamati ielewe kazi ya vitu hivi kabla ya kutia sahihi hundi.

Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya walitia antibiotiki kidogo kidogo katika chakula, si kwa kutibu, bali mnyama anenepe upesi. Ubaya wake ni kwamba bakteria huizoea dawa, na usugu huo huweza kumfikia binadamu. Denmark, ambako wakulima walifungua machinjio yao ya ushirika ya nguruwe huko Horsens mwaka 1887, iliacha mtindo huo mapema: nguruwe wakubwa mwaka 1998, na wadogo kufikia mwisho wa 1999. Umoja wa Ulaya wote ulifuata kuanzia Januari 1, 2006. Matokeo ya Denmark yanatufundisha mengi. Nguruwe wanaokua hawakudhurika sana; walioachishwa kunyonya ndio walioharisha zaidi, na dawa za kuwatibu zikaongezeka.

Hapo ndipo probiotiki ina nafasi. Bakteria hao hushindana na wale wabaya utumboni, na lactobasili hutoa asidi isiyowafaa adui. Mtoto aliyetoka ziwani tumbo lake halijatulia, hivyo msaada huonekana. Nguruwe wa kilo 50 tumbo lake limekomaa. Faida kwake ni ndogo, na mara nyingine haipo kabisa. Zaidi ya hayo, lactobasili hufa kwa joto, ilhali basilasi hujifungia katika mbegu ngumu zinazostahimili. Ghala la bati lisilo na dari si mahali pa kutunzia viumbe hai, na mtunza ghala hawezi kuona kwa macho kwamba amebaki na unga mtupu.

Tuingie katika hesabu. Tuchukulie nguruwe anakua kutoka kilo 30 hadi 90, naye hula kilo 3 za chakula kwa kila kilo anayoongeza. Atakula kilo 180. Kiongeza kikipunguza chakula hicho kwa asilimia 3, kimeokoa kilo 5.4 tu. Ikiwa bei ya kiongeza cha nguruwe huyo inazidi bei ya kilo 5.4 za chakula, chama kimekula hasara, hata kama mnyama ananawiri.

Kuna upungufu ambao bakteria hawawezi kuujaza. Mahindi na pumba zake yana laisini kidogo; dawa yake ni dagaa, soya au laisini yenyewe. Fosforasi nyingi ya pumba na mashudu imefungwa, na nguruwe hana uwezo wa kuifungua vizuri. Kimeng'enya kiitwacho fitasi hufanya kazi hiyo. Kwa maoni yangu, chama kinacholisha pumba tupu hakina haja ya kuzungumza na muuza probiotiki.

Kamati inayotaka kujaribu igawe nguruwe wa umri na uzito mmoja katika mabanda mawili, chakula kile kile, kiongeza upande mmoja tu. Wapimwe kwa mizani siku ya kwanza na kila baada ya wiki mbili, na chakula kinachotoka ghalani kiandikwe kwa kila banda. Bwana Mifugo ashuhudie upimaji, na hesabu zisomwe mbele ya mkutano mkuu kabla ya oda ya pili kutolewa.