Kibali Kwanza, Ghala Baadaye
Mfanya biashara wa Chepilat atakaye kujenga ghala, au kuongeza chumba katika kiwanda chake, hana budi kwanza kupata kibali. Soko hilo lipo mpakani mwa Bomet na Nyamira. Basi na atazame kiwanja chake ki upande gani, kwani ombi hupelekwa kwa serikali ya kaunti yenye kiwanja hicho. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yasema kwamba ajengaye bila ya kibali aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Akinyimwa kibali, anazo siku 14 za kukata rufani. Heri kungoja karatasi kuliko kubomoa ukuta.