Mbegu na Lishe: Niliyojifunza Bwawani Kiogoro

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa mabwawa ya samaki kote nchini: bwawa la mita mraba 300, vifaranga 1,000 vya tilapia. Mengi yaliachwa baadaye. Sisi tunaoendelea kufuga huku Kiogoro, Kisii, tumefunzwa na samaki wenyewe.

1. Chakula cha kwanza ni maji. Samadi ya kuku huotesha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, maji yakawa ya kijani, na vifaranga hula humo mchana kutwa. Nazamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kikipotea machoni, maji yako sawa. Kikipotea mapema zaidi, nasimamisha samadi, la sivyo alfajiri utawakuta samaki juu wakitweta.

2. Pumba hushibisha, haikuzi. Tilapia anataka protini kama asilimia 30, na pumba ya mahindi haifiki hata nusu ya hapo. Tunachanganya na omena ya kusaga na mashudu ya alizeti. Omena yenye ukungu sinunui, iwe rahisi namna gani.

3. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Siku ya kuvua, wanunuzi huchukua wakubwa; wadogo hurudishwa majini, na ndio wanaozaa. Tilapia jike huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, akiatamia mayai mdomoni, hivyo wazazi wachache hujaza bwawa upesi. Vizazi vikipita, bwawa zima ni ndugu. Wanadumaa, wengine wanazaliwa na uti uliopinda, na ugonjwa ukiingia unawakuta wote na udhaifu mmoja. Mwenye bwawa hulaumu chakula, anaongeza gharama, na samaki wanabaki vilevile. Siku hizi natenga wazazi kabla mnunuzi hajafika, na madume nabadilishana na wafugaji wa Keumbu walionunua mbegu kwingine.

4. Uliza ukoo. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) kiko hapa jirani, Kegati; wataalamu wa kuuliza tunao. Kwa hiyo muuzaji wa vifaranga asiyejua wazazi wametoka wapi, simnunulii.

5. Ngege, tilapia wa asili wa Ziwa Victoria, karibu watoweke ziwani baada ya sato na mbuta (sangara) kuletwa katika miaka ya 1950. Wamesalia katika maziwa madogo kama Kanyaboli, kule Siaya. Sato, ndio tilapia tunaofuga, huzaana nao, na mito yetu humwaga maji Ziwa Victoria. Kwa hiyo bomba la kutolea maji bwawani nimelifunga wavu wa matundu madogo, na mvua zikianza naukagua kila asubuhi.