Namna Nilivyojifunza Kutengeneza Upinde

Niliporudi shuleni baada ya likizo ya Desemba nikiwa na upinde, wenzangu wengi walidhani nimeununua. Sivyo. Nimeutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe nyumbani kwetu Kwedizinga, wilaya ya Handeni, na sasa umo maabara, mwalimu wetu wa fizikia anautunza. Nataka kuwaeleza namna ya kuutengeneza, ili atakayejaribu asiharibu mti mzuri kama nilivyoharibu mimi. Maana huu ni upinde wangu wa pili. Wa kwanza ulivunjika.

Upinde ni chombo cha zamani mno. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, wataalamu wamechimbua vipande vya mawe vya zaidi ya miaka 60,000 ambavyo wanaviona kuwa vichwa vya mishale. Katika Tanzania yetu, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi bado hutengeneza pinde zao wenyewe. Huko Kenya, Waata walisifika kwa pinde nzito za kuwindia tembo, ambazo mtu mgeni hawezi hata kuzivuta. Na babu yangu katika ujana wake alilinda mahindi yake kwa upinde, nguruwe wasiyamalize usiku.

Babu sasa ni mzee, na mtoto wa jicho umemzuia kuona vizuri. Lakini alikuwa na fimbo moja ya mkole aliyoikata mwenyewe miaka miwili kabla ya macho kumwishia, akaiweka juu ya dari ya jiko. Mwezi wa Juni nilimwomba anifundishe. Akaniambia, "Mjukuu wangu, ile fimbo ichukue. Mimi sitaifanya tena. Lakini usiwe na haraka nayo."

Nikawa na haraka. Kwa siku moja niliichonga kwa panga, nikaipunguza sana mahali pamoja karibu na mshiko, kwa sababu hapo palikuwa rahisi kuchonga. Jioni nikafunga kamba, nikavuta hadi shavuni. Ikalia kama ukuni mkavu, ikakatika vipande viwili. Babu alikuwa amekaa barazani, akasikia. Hakunigombeza. Aliomba vipande, akavipapasa kwa vidole, akasema, "Hapa uliifanya nyembamba. Basi sehemu hii ilifanya kazi ya upinde mzima." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo ya mgongoni.

Shuleni, mwalimu alinisaidia kuyaelewa kwa hesabu. Ubao ukiwa na unene mara mbili ya mwenzake, upana ukiwa ule ule, ugumu wake wa kupinda si mara mbili, bali ni mara 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Kadhalika, ukipunguza unene kwa sehemu moja tu ya kumi, ugumu hupungua zaidi ya robo. Ndiyo maana kosa dogo la kisu huleta madhara makubwa. Tena, upinde ukivutwa, upande wa nje, uitwao mgongo, hunyooka na kuvutika, na upande wa ndani, uitwao tumbo, hubanwa. Mahali palipo dhaifu hupinda kuliko pengine, na nyuzi za mgongo hapo hukatika.

Basi, hizi ndizo hatua nilizofuata mara ya pili.

Kwanza, mti. Nilikata mkole mwingine mpakani mwa shamba letu, ulionyooka, usio na vifundo, unene wake kama sentimita 4 na urefu wake sentimita 150. Ncha zote mbili nilizipaka nta ya nyuki, kwa kuwa maji hutoka upesi penye ncha na mti hupasuka. Gome sikulitoa. Nikauweka juu ya dari ya jiko, penye kivuli na moshi wa kufukuza wadudu, nikausubiri tangu Juni hadi Desemba. Mti mbichi hupinda, lakini haurudi. Kusubiri huku kulikuwa kugumu kuliko kazi yote.

Pili, kuchonga. Toa gome polepole, wala usiukate mgongo hata kidogo. Mti ulio chini ya gome ndio mgongo wa upinde, na nyuzi zake ziende nzima toka ncha hata ncha. Chonga tumbo tu. Pima katikati, uache mshiko wa sentimita 12 bila kuuchonga. Kutoka hapo punguza kidogo kidogo kuelekea kila ncha. Tezo au panga ni vya mwanzo tu. Baadaye tumia kisu, kisha kipande cha kioo cha kukwaruzia, nawe ukishike kwa kitambaa.

Tatu, kusawazisha. Hapa ndipo nilipokosea kwanza. Kata mikato midogo kwenye ncha, funga kamba ndefu iliyolegea, kisha weka mshiko juu ya panda ya mti. Mdogo wangu alivuta kamba kwa sentimita 10 tu, nami nikasimama mbali nikitazama. Je, mikono miwili ya upinde inapinda sawasawa? Mahali palipobaki pamenyooka nilipatia alama ya mkaa, nikapakwaruza mara chache. Palipopinda sana sikupagusa. Kisha tukavuta mara 20 au 30, tukatazama tena. Usizidishe mvuto mpaka mikono yote miwili iwe sawa. Kazi hii ilinichukua siku 6. Kumbuka: mti ulioutoa haurudishiki.

Nne, upote. Zamani ulikuwa wa kano au ngozi ya mnyama. Mimi nilitumia katani kutoka Korogwe, zao la mkonge ulioletwa Tanga mwaka 1893. Nilisokota nyuzi tatu pamoja, nikazipaka nta. Upote uwe mfupi kuliko upinde, ili ukifungwa, nafasi kati yake na mshiko iwe ngumi moja na dole gumba lililosimama, kama sentimita 15.

Tano, kulainisha. Babu alinituma nikachume majani ya mti wa msasa. Majani yake yanakwaruza kama msasa wa dukani, na bila shaka ule wa dukani ulipata jina lake hapo. Mwisho nikaupaka upinde mafuta.

Siku ya mwisho nilimpelekea Babu. Aliupitisha vidoleni kutoka ncha hadi ncha, kimya, mara tatu. Akasimamisha kidole kwenye mkono wa chini, karibu na ncha. "Hapa bado. Mara mbili tu." Nikatazama, sikuona kitu. Nikakwaruza mara mbili kama alivyosema, nikauweka tena kwenye panda. Ukapinda kama mwezi mwandamo, sawa pande zote. Nilifahamu kwamba vidole vyake vinaona yale ambayo macho yangu hayajajifunza kuyaona.

Sasa maonyo. Usiachie upote mtupu bila mshale, kwa maana nguvu hurudi katika mti na kuupasua. Usielekeze mshale kwa mtu, hata kwa mzaha. Sisi tunalenga gunia lililojazwa majani makavu, na hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama nyuma yake. Sumu ya mishale usiiguse. Wala usiwinde wanyama pori bila kibali, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza.

Vipande vya upinde wa kwanza sikuvitupa. Babu aliniamuru nivirudishe darini, nivione kila ninaposhika kisu. Wasomaji wapenzi, upinde mwema si ule ulio mgumu mahali pamoja. Ni ule ambao kila sehemu yake inabeba mzigo wake. Nami naona ndivyo ilivyo hata katika nyumba, na katika darasa.

Kama nyumbani kwenu yuko mzee anayejua kazi ya mikono, ya upinde, ya ungo, ya mkeka au ya chungu, likizo ijayo kaa naye chini. Mwulize sasa. Fimbo ya pili niliipata mpakani mwa shamba. Babu wa pili sitampata.