Koseti ya Satini: Unalipia Usichokiona

Kila nikishona koseti nyeusi ya satini, ile ya mtindo wa kigothi, swali huwa hilohilo: "Satini yenyewe bei poa, mbona koseti ghali hivyo?" Ni swali la haki. Tuigeuze ndani nje tuone.

Satini si aina ya uzi, ni namna ya kufuma. Uzi unaruka juu ya nyuzi nne au zaidi kabla ya kuzama chini ya mmoja, ndiyo maana kitambaa kinang'aa. Lakini nyuzi hizo ndefu zinanasa na kuteleza kirahisi. Ukivuta sana, mshono unaachia. Na koseti ni vazi la kuvutwa. Mwenye kiuno cha sentimita 70 unaweza kumkatia ya 64, halafu kamba za mgongoni ndizo zinazombana.

Kwa hiyo mzigo unabebwa na vingine. Chini ya satini kuna pamba nzito isiyonyumbuka. Kiunoni, kwa ndani, unazunguka utepe imara. Kati ya mishono ya wima zinapita fito nyembamba za chuma. Zamani Ulaya walitumia kilichoitwa mfupa wa nyangumi, kumbe hata si mfupa: ni vibamba vinavyoota kwenye taya la juu la nyangumi, vyenye asili moja na kucha zako. Karne ya 19 vikaenea vijicho vya chuma vya kupitishia kamba. Matundu ya kushonwa kwa uzi yalikuwa yanachanika. Haya mapya yakaruhusu kukaza zaidi.

Mwaka 1987 Vivienne Westwood, mbunifu wa Uingereza, alionyesha koseti kama vazi la nje. Sasa kinachoonekana ni satini tu, na fundi anapunjwa hapo: mteja anahesabu mita za kitambaa, hahesabu saa za kazi.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa koseti, cha ndani ndicho chenye thamani. Kabla hujanunua, igeuze. Kama ni satini tupu na vijiti vya plastiki, hiyo ni ya kupigia picha. Vijiti vitapinda na kukuchoma mbavuni. Ukikuta pamba, utepe na chuma, acha kumkaba fundi kwa bei. Na ukiivaa ukashindwa kuvuta pumzi vizuri, legeza kamba. Urembo haujawahi kushinda mapafu.